Viatu vya Mama Vimeonja Udongo

Rhotia,
S.L.P. Karatu.
17 Septemba 1984

Mpendwa Kaka Clemensi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba joto la Tabora halijawakausha kabisa. Je, yule mdogo amepona kifua? Wifi aliandika kwamba alikuwa anakohoa sana. Mpeni asali, na msimwogeshe jioni.

Sisi hatujambo. Mume wangu Tluway anasumbuliwa na jino lakini hataki ling'olewe, anasema litatulia lenyewe. Mtu mzima na ndevu zake anaogopa koleo! Mahindi hayakujaza kihenge kwa sababu mvua iliondoka mapema, ila maharage yametupa moyo. Njaa hatuna, tunamshukuru Mungu.

Kaka, asante kwa viatu ulivyomtumia Mama. Raba nyeupe kabisa, siku hizi ambapo hata kipande cha sabuni ni cha kusaka! Sijui ulivipata wapi na sitauliza. Sasa nikuambie alichofanya. Alivishika, akavinusa, akavifunga ndani ya kanga na kuvitia sandukuni. Akasema viatu vyeupe namna ile ni vya kuzikiwa. Nilikasirika, nikatoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Ukweli ni kwamba ile barua yako ya Juni ilimuumiza. Najua uliiandika kwa upendo. Lakini tangu alipovunjika mguu kule korongoni wakati wa masika, hakuwa Mama yule unayemjua. Daktari alimtoa plasta, akamwambia atembee kila siku mahali tambarare, la sivyo mguu utakakamaa. Tambarare, Rhotia! Wewe umezaliwa hapa. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Basi akawa mtu wa kukaa jikoni. Ulipoandika kwamba Krismasi ikifika hajaweza kutembea utakuja kumchukua akaishi kwako, karibu na hospitali kubwa, hakubisha hata kidogo. Ila nilimsikia akiwaaga kuku. Anaogopa kufia mbali na kaburi la Baba. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Sasa sikia Mungu alivyotutendea. Unalikumbuka lile shamba la zamani la kahawa tulilokuwa tukiliita Kwa Bwana Kofia, lenye nyumba ya mawe na dohani, ambako Baba alikuwa kibarua enzi za wakoloni? Tulipokuwa wadogo tulikimbizwa na mbwa kwa kosa la kuchungulia ua tu. Mwezi wa Agosti meneja wa sasa, Bwana Yohani, alizifungua njia za shambani kwa familia, kila Jumapili baada ya ibada. Katekista alitangaza kanisani: tutembee, tukae, tufurahi, lakini tusichume kahawa ya watu. Ipo njia ndefu ya kupanda hadi ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, hiyo ni ya wenye mapafu yao. Na ipo fupi inayofuata mfereji wa maji, tambarare kama meza, kivuli mwanzo hadi mwisho.

Mfereji wenyewe ni ule ambao Baba alishiriki kuuchimba. Nilipomkumbusha Mama, akaniambia nifungue sanduku.

Tuliazima mkokoteni wa ng'ombe, Tluway akamfikisha hadi getini. Tukampitisha mbele ya nyumba ya mawe na ile mashine ya kukobolea kahawa, sasa imejaa kutu. Binti yangu Cresensia aliingiza kichwa ndani yake akatoka na nywele za rangi ya chungwa. Mama alikuwa anatembea vizuri, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwangu, raba zinang'aa kama za bibi harusi. Tulipofika njia panda, tukakuta tawi bichi limelazwa kukata njia ya pili.

Kwetu unajua maana yake. Hapo kuna msiba, wenyewe wamejifungia, rudi ulikotoka. Mama akasimama. "Leonida, watu wana maiti humu, na sisi tunapita na viatu vyeupe!" Nikambembeleza, Tluway akambembeleza, wapi! Akaketi kwenye gogo akaanza kuvua raba. Kaka, moyo ulinishuka. Nilijua akirudi nyumbani siku ile viatu vitarudi sandukuni, na Krismasi utakuja kumchukua.

Mara akaja mlinzi wa shamba, kijana wa Kimasai kutoka Kakesio anayeitwa Senteu, akidhani mzee ameumia. "Yeyo, umechoka?" Wenzetu humwita mama hivyo. Mama akamjibu kwa upole, "Poleni na msiba, mwanangu. Ni nani aliyetutoka?"

Senteu akababaika. "Msiba? Hakuna mtu amekufa, Yeyo! Hiyo tawi nimeweka mimi, asubuhi, wageni wasiende huko kwa nyati."

Mama hakuamini. Alinitazama kama kusema maskini anaficha. Basi yule kijana akainama, akang'oa majani mabichi, akayashika mbele yake kwa mkono wote. "Yeyo, amani. Amani tu."

Hiyo Mama anaijua. Miaka yote ile ya kubadilishana mahindi kwa mbuzi na Wamasai, ameona mtu akishika majani vile hata ugomvi unakoma. Akayatazama majani ya mkononi, akalitazama tawi la njiani, akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoanguka. Akamwambia Senteu, "Nyinyi Wamasai mngeweka mawe!" Kijana wa watu akatutangulia akiondoa matawi yote kwa heshima yake. Familia iliyotufuata nasikia ilipotea, ikatokea kwenye banda la ng'ombe.

Tulifika mwisho wa njia, pale maji yanapoingilia mfereji. Mama akatia mkono majini. Akasema Baba alikuwa akirudi kila siku na matope mekundu ya pale, naye alikuwa akimgombeza kwa kumchafulia nyumba. Mimi nililia, sikuona aibu.

Tangu hapo hatujakosa Jumapili hata moja. Senteu ameweka mawe na kuyapaka chokaa. Jana Mama aliniachia mkono pale penye mashine ya kahawa, akaenda na fimbo yake peke yake hadi majini na kurudi, na leo asubuhi nimemkuta nje akiwafokea kuku wale wale aliokuwa amewaaga. Nimeshukuru kwa kila mmoja: kwako kwa viatu, kwa Bwana Yohani, kwa Senteu na majani yake, na kwa Baba aliyechimba njia bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo Krismasi njoo, Kaka, lakini usije kumchukua. Njoo mtembee naye.

Tluway anakusalimu, na jino lake. Cresensia anamsalimu wifi na kuulizia embe za Tabora. Shangazi Sintamei anasema usimsahau kwenye sala. Mungu wa Baba na Mama awafunike nyote, awape usingizi mwema na riziki ya kila siku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye vile vile tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni,

Leonida

Tena: Mama ameketi hapa karibu. Amekataza viatu visioshwe mpaka uje uvione. Nilipomsomea barua akasema hutaamini, kwa kuwa siku zote unasema natia chumvi. Basi geuza karatasi. Hilo jekundu si uchafu. Ameikanyaga mwenyewe, amesimama, hakushika kitu.