Nimemcheka Zawadi

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na huku kwetu Buterere ikinyesha namna hii mtu anavua viatu ndipo atoke nje. Mwanangu Yvan anaota meno, ananiuma bega. Nimechoka, lakini si uchovu unaonifanya niandike.

Nina kinyaa. Na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni cha nafsi yangu.

Asubuhi, kwenye kundi letu la wasomaji la simu, Mwalimu Désiré anayeliongoza aliuliza kila mmoja ataje mwandishi anayempenda na aina ya hadithi anazosoma. Swali zuri. Nikakaa kitandani, mtoto ananyonya, nikasoma majibu.

Watu wakaanza kujipamba. Mmoja falsafa. Mwingine mashairi ya Kifaransa, mtu ambaye mwaka mzima hajaandika humo zaidi ya "amina". Mwalimu mwenyewe akasema yeye ni hadithi za polisi na wauaji, eti zinanoa akili. Nami nikaandika: riwaya za historia, zile nene.

Uongo mtupu. Ninayo moja tu, nimeiweka chini ya mguu wa kabati lisiyumbe.

Kisha Zawadi, jirani yangu, akaandika ukweli wake:

"Mi napenda za mapenzi, zile za kila siku kipande kimoja. Nalia mpaka mutoto ananiuliza, mama, nani amekufa? Muandishi simujui jina, namuita dada tu."

Mwalimu akamjibu: "We Zawadi, izo apana vitabu. Ni takataka za kuwashia makala ya jiko."

Simu ikajaa zile nyuso za njano za kucheka. Nami nikatuma uso mmoja. Mmoja tu, najiambia, kana kwamba mate ya kumtemea mtu yanahesabiwa.

Dakika chache baadaye, Zawadi ametoka kwenye kundi.

Mwalimu anayependa hadithi ambamo kila sura mwanamke anaokotwa mtaroni amekufa, ndiye anayesema mapenzi ni takataka! Ananitia kichefuchefu. Lakini yeye hajawahi kula mkononi mwa Zawadi. Mimi nimekula.

Nilipopasuliwa kumzaa Yvan, watu walikuja guhemba, kumzuru mzazi kama desturi yetu, na sabuni, na vinywaji, na unga. Zawadi alikuja na uji na daftari. Simu yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo alikuwa amenakili hadithi nzima ya mapenzi kwa kalamu. Akanisomea siku tisa. Akifika penye utamu anafunga daftari: "Kunywa uji kwanza, ao bwana arusi hafiki."

Nilikunywa. Siku hizo nilikuwa sitaki kula, wala sikujali kama kutakucha. Hilo sijamwambia mtu.

Sasa nimemcheka kwa kitu kilekile alichoniinua nacho.

Mchana nikaandika kundini kwamba nilidanganya, kwamba na mimi nasoma za mapenzi, na kicheko changu kilikuwa cha aibu. Mwalimu akatuma kidole gumba. Basi. Nikatoka na mimi.

Nikamfunga Yvan mgongoni, nikavuka matope hadi kwa Zawadi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Umekuja kucheka karibu, hein? Simu haikutosha?"

Nikasema nisamehe. Akamtoa Yvan mgongoni mwangu, akampangusa kichwa kwa kitenge chake. "Huyu aingie. Huyu hajui kusoma, hana kosa."

Mimi nikabaki mlangoni. Nikamwomba anisomee kipande cha leo.

"Apana," akasema, akanisukumia sinia. "Leo utachambua maharage."

Nikachambua. Yvan akalala mapajani mwake. Maharage yalipokwisha nikambeba, nikarudi nyumbani.

Mtu uliyemwonyesha unachokipenda akakucheka mbele za watu, utamsomea tena? Mimi nisingemsomea.

Kesho nitarudi kwake. Hadithi sitaomba. Nitaomba sinia.