Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi
Kipindi cha kujisomea tena. Kidato cha kwanza, dakika ishirini, kila mmoja na kitabu alichochagua mwenyewe. Nusu wanasoma, nusu wanatazama dirishani. Nami nasoma, ili wanione. Mkuu wa shule kapita mlangoni, kanikumbusha sharti lake: kitabu kimoja tu kikiharibiwa, kabati la vitabu linafungwa na kipindi kinarudi kuwa cha mazoezi ya mtihani. Ijumaa anakuja kukagua. Nimesema sawa, Mkuu. Moyoni nimenuna.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kile kitabu cha mvulana anayerina asali kimeandikwa kwa penseli. Ukurasa wa ishirini na sita, pembeni: "Mchana, bila moshi? Huyu angekufa." Mwandiko wa Nyamizi. Baba yake ana mizinga porini, nje ya Inyonga. Nimemfokea mbele ya darasa zima. Kasema kwa sauti ya chini, "Samahani madam, ila kitabu kinadanganya." Nikamnyang'anya. Nina hasira. Hofu ndiyo kubwa zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekaa na ufutio mchana kutwa. Sijafuta hata neno.
Chini ya maneno ya Nyamizi kuna mwandiko mwingine: "Kwani ulikuwepo?" Halafu yeye: "Narina na baba. Tunaenda jioni." Nikafunua mbele. Miandiko minne, mitano. Ukurasa wa arobaini mtu kauliza mbona mama wa mvulana hamtafuti mwanawe. Chini yake kajibu Maduhu, yule wa dirishani, ambaye nilishamkatia tamaa: "Labda anamtafuta kwenye kurasa ambazo hazikuandikwa."
Nimesoma mara tatu. Mwili umenisisimka. Miaka tisa nauliza maswali ya ufahamu, hili sijawahi kuliuliza. Nilidhani wako kimya.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Nyamizi radhi, palepale nilipomfokea. Wengine wamecheka kidogo. Ufutio bado uko mezani. Nikifuta, kabati linabaki wazi. Nisipofuta, huenda ndiyo basi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijafuta. Nimempa Mkuu kitabu mkononi, nimemfungulia ukurasa. Nikamwambia asome kwanza, ndipo afunge akitaka. Kabati kalifunga palepale, kitabu kwapani, ufunguo mfukoni, kaondoka.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekuta kitabu mezani kwangu, ufunguo juu yake. Mkuu alikuwa mstarini na wanafunzi, hakunitazama. Ukurasa wa ishirini na sita, chini kabisa, penseli, mwandiko uleule wa barua zake za onyo: "Nyamizi yuko sahihi. Mimi nilijaribu mchana nikiwa na miaka kumi. Jicho halikufunguka siku tatu."
Kipindi cha tatu nimefungua kabati. Wamesoma. Nyamizi alipofika ukurasa ule alifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akaniomba penseli.