Kamba Chini ya Utepe

Karangturi, Solo
Jumapili asubuhi

Kwako Kaka Wagiyo,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Batam, na kikohozi ulichokipata kwenye karakana ya meli kiwe kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mwanao Endah hajambo, ila kila siku anajipima upya nguo ya harusi kana kwamba kiuno chake kinahamahama. Mimi vidole tu ndivyo vinaniuma kwa kukanda migongo ya watu, na hiyo ndiyo riziki yangu, siwezi kuilalamikia. Barua hii naisemea simu nayo inaandika, kisha inanisomea kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Ikikosea neno, nicheke kidogo tu.

Umeniuliza kama ukumbi wa michezo umekwisha kutengenezwa kwa harusi ya Endah mwezi ujao. Nitakujibu. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia karibu utanielewa vibaya.

Unaujua udadisi wangu. Marehemu mama alikuwa akisema macho yangu yalipokufa, udadisi uliyahama ukaingia miguuni. Basi Sarno, mtunza ukumbi, aliteguka kiuno, nami nikawa naenda kumkanda pale pale ukumbini kila Alhamisi. Siku ya kwanza nilivua ndala mlangoni, nikaingia peku, na katikati ya sakafu unyayo ukakanyaga kitu. Ulikuwa mstari ulioinuka, mwembamba kama mshipa wa mkono wa mzee. Nikamwacha Sarno na kiuno chake, nikaufuata. Ulikwenda hatua nyingi, ukakata kona, ukarudi. Nikamwuliza ni nini hiki. Akasema, "Si utepe tu huo, Dada Lasmi? Wageni wa mashindano waliuacha." Nikamwuliza na ndani ya utepe mna nini. Kaka, mtu amepiga deki hapo miezi minne, viatu miguuni, asijue kwamba chini ya ule utepe imelazwa kamba!

Kamba hiyo haikunipa raha. Kila niliyemkanda wiki ile nilimwuliza. Seremala alisema ni ya kupimia, mke wa imamu akasema ni ya kuzuia mchwa. Aliyejua ni Mursid, yule mkandaji mwenzangu asiyeona, mwenye ulimi wa pilipili. Akanicheka: "Mwanamke wewe, umekanyaga mstari wa goli unauliza kama ni mshipa!" Ndipo aliponieleza mchezo wa mpira wa kengele. Mnacheza watatu kwa watatu, wote mmefungwa vitambaa machoni. Mpira una kengele ndani, unaviringishwa, nawe unausikiliza unakotoka, unajitupa chini kuuzuia kwa mwili. Kamba ndiyo inayokuambia umesimama wapi. Akasema wakati wa yale mashindano ya wenye ulemavu, watu wa nchi za jirani walicheza mchezo huo hapa hapa mtaani kwetu. "Na sisi vipofu wa mtaa tulikuwa wapi? Nje, tunakanda miguu ya watazamaji!"

Sarno akapekua stoo akatoa mpira mmoja, na tangu hapo tunacheza kila Jumamosi alasiri. Mimi, na miaka yangu arobaini na saba, nimejitupa sakafuni hadi nyonga ikavilia damu. Nilicheka, Kaka, sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo lini. Tangu utoto nimekuwa nikikwepa vitu vinavyonijia, na pale nilikuwa navisubiri. Mchezo wenyewe unataka kimya kabisa, kwa hiyo Endah alijipa kazi ya kusimama mlangoni kuwanyamazisha watu. Muuza tofu alipopita akiita wateja, alimwambia, "Babu wee, meza hiyo sauti, watu wanasikiliza hapa!"

Sasa nifike kwenye mkutano. Bwana Harjono, mkuu wa mtaa, alituita sisi wakazi wenye ulemavu, watu kumi na mmoja, wa fimbo, wa magongo na wa viti vya magurudumu. Alitupa viti vya mbele. Akasema mashindano yamekwisha, lakini matunda yake lazima yatufikie na sisi. Kwa hiyo atatandika vigae ukumbini, atapigilia jukwaa la maharusi, pawe ukumbi wa harusi, na sisi tutatengewa kona ya kukanda miguu ya wageni. Akauliza kama tumeridhika. Tukasema ndiyo, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mstari.

Mursid hakuwapo siku hiyo, alikuwa na mteja. Aliposikia alipanda mori: "Nani alianza kusema ndiyo? Nitajieni huyo mtu!" Hakuna aliyemtaja. Kila aliyeulizwa alijibu, "Ni sisi sote." Unatujua, Kaka. Kwetu mkubwa akishajibu, wadogo hawamvunjii kauli, na hawamuumbui baadaye.

Kaka, aliyeanza ni mimi.

Mkubwa kwa umri pale nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeulizwa kwanza. Siku moja kabla, Bwana Harjono alinialika kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akasema harusi ya kwanza katika ukumbi ule itakuwa ya Endah wetu. Ungemkataliaje mtu ambaye chai yake bado iko mdomoni? Lakini nisijifiche nyuma ya chai. Niliitaka ile harusi. Nilitaka watu waseme binti wa Wagiyo, aliyelelewa na shangazi kipofu, ameolewa kwenye ukumbi mkubwa. Nikasema ndiyo, huku nyonga bado inaniuma kwa mchezo.

Jumatatu iliyopita mafundi walikuja. Nikiwa njiani nilisikia utepe ukibanduliwa, kama kitambaa kipya kinachochanwa. Niliingia nikakaa juu ya mstari wa goli. Bwana Harjono akaitwa, akaagiza chai, akanimiminia. Nikaisukuma glasi ikarudi upande wake bila kuionja. Nikasema hapana. Nilisema hapana tupu, bila "labda" wala "tutaona". Nikamwomba atuite tena, na safari hii aanze kumwuliza aliye mdogo kuliko wote.

Jumatano tulikutana, nikawaambia wote, na Mursid akiwapo, kwamba nilikuwa mimi. Mursid akasema, "Kumbe tulifungwa na kipa wetu wenyewe!" Watu wakaangua kicheko, nami nikalia. Tukaulizwa, sasa tukiwa kumi na wawili pamoja na Mursid, tukianza na mdogo. Tisa walisema kamba ibaki. Wawili walitaka ukumbi wa harusi, na mmoja wao alikiri ni kwa sababu anapenda wali wa karamu. Mimi nilijibu wa mwisho. Mafundi wamerudisha utepe.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: mwanao hana ukumbi. Najua umeshawatangazia wenzako wa karakana, na aibu hiyo nimekuletea mimi. Tutafunga harusi uani kwetu, na mahema tutaazima msikitini. Endah nimemweleza mwenyewe. Alilia siku mbili, hakunisemesha. Jana alasiri nilikwenda kucheza nikijua mlangoni hapatakuwa na mtu. Muuza tofu akapita akiita, na kabla sijageuza kichwa nikasikia, "Babu wee, meza hiyo sauti!"

Nisamehe, Kaka, au kasirika kwanza ndipo unisamehe. Mursid anakusalimu, Sarno na kiuno chake wanakusalimu, na Endah anasema usisahau kitambaa alichokuagiza. Ukija harusini, pitia ukumbini kabla ya kwenda popote, na uvue viatu mlangoni.

Jibu lako nalisubiri, hata likija kwa kasi. Siku hizi sikwepi.

Mdogo wako,
Lasmi