Ngazi Juu ya Meza Kuu

Rotherhithe, London
Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Dada yangu Maxine,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni, zikufikie wewe, shemeji Roy na mpwa wangu Kirsty. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba upepo wa Ramsgate haujaanza kuwatoboa mifupa mapema hivi. Mimi mwili ni mzima, ila suruali zote zimenikataa kwa sababu ya karamu. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana umepata barua badala ya simu. Kwenye simu ningeanza vituko vyangu, wewe ungecheka, na tungeagana bila mimi kusema ninachotakiwa kusema.

Najua umepokea kadi ya Chama cha Watengeneza Ngazi, ile yenye ukingo wa dhahabu, inayokualika Ukumbini Alhamisi hii nitakapokabidhi ukuu. Kirsty ameniambia umeshanunua hadi viatu. Dada, nakuomba, usikanyage mle ndani kabla ya kuisoma barua hii mpaka mwisho. Ukumbini kuna kitu ambacho ukikiona tu utakijua, na sitaki ukijulie pale, mbele za watu, glasi mkononi.

Nitakueleza mambo kwa vipimo vyake. Unanijua. Baba alikuwa akisema mimi nikitumwa mkate narudi nimepigana na simba. Kwa hiyo nikijiona naanza kuvimba, nitajirekebisha hapahapa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mkubwa. Tangu Oktoba iliyopita, nilipovikwa joho lenye manyoya na nishani ya dhahabu, nimekaa kwenye karamu mia tatu. Hapana. Karani wetu, Kanali Peverell, anasema ni mia moja na kumi na tisa, na yeye ni mwanajeshi mstaafu, anahesabu hata vijiko. Nimekula bata mpaka nikipita bustanini bata wananigeuzia mgongo. Novemba niliandamana nyuma ya Meya Mkuu kwenye mvua, kofia ikinichuruzikia shingoni. Juni nilikwenda na wakuu wenzangu kuwachagua masherifu, wasaidizi wa Meya, kila mmoja na shada lake la maua puani, eti kukinga uvundo wa tauni iliyokwisha siku nyingi. Vyama vya mafundi jijini ni zaidi ya mia, na tunapangwa kwa umri wa chama. Sisi wa ngazi tuko karibu na mwisho kabisa, kwenye mlango wa jikoni, na huko, nikuambie, supu hufika ya moto. Nimesoma sala ya Kilatini, mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, bila kujua kama naomba baraka au naagiza viazi. Jumapili iliyopita niliswaga kondoo darajani, haki yetu ya tangu zamani. Watu nimewaambia kondoo walikuwa arobaini, na mmoja alimrukia askofu nikamdaka hewani. Walikuwa kumi, wako ndani ya uzio, na askofu alikuwa dereva wa teksi aliyenipigia kelele, "We babu wa manyoya, toa mbuzi wako!"

Unaona? Hata nikiona aibu, mdomo unakimbia mbele yangu.

Sasa nifike kwenye ngazi. Hukuwahi kuingia Ukumbini, hukutaka hata kupita mtaa ule, kwa hiyo desturi hii huijui. Kila fundi anapoingia chamani hupeleka ngazi moja ya mkono wake ipimwe na Baraza. Zikishapimwa hulala stoo, chini kwenye giza. Fundi akija kuwa Mkuu, yake hupandishwa na kutundikwa juu ya meza kuu mwaka mzima. Siku ya kutoka huteremshwa, naye husimama kwenye kipandio cha tatu na kutamka kwamba aliitengeneza kwa mikono yake na inambeba. Akishasema hivyo ndipo humvika nishani anayemfuata.

Basi mwaka mzima nimekula chini ya ngazi hiyo. Vipandio kumi na saba vya mwaloni, vimechongwa kwa tezo vikaenda vikipungua kuelekea ncha, hakuna gundi. Miimo yake, zile nguzo mbili za pembeni, ni msonobari mmoja uliopasuliwa katikati, nusu kwa nusu, shina na shina, kilele na kilele. Ukiigonga kwa kidole inalia sauti moja kutoka juu hadi chini. Kila mgeni aliuliza habari zake, na mimi kila mgeni nilimjibu. Mwezi wa kumi na moja nilisema niliitengeneza kwa wiki tatu. Kufikia Krismasi ilikuwa wiki moja. Pasaka ilikuwa siku mbili, nina homa, kidole gumba kimevunjika.

Mwezi wa tano, Bwana Mottram, mshika fimbo wetu, yule anayetutangulia akigonga sakafu ili watu wanyamaze, aliiteremsha aifute vumbi. Kipandio cha saba kilikuwa kimelegea kidogo, akakichomoa, na kwenye ulimi wake, mle ndani ya tundu ambamo jicho la mtu haliingii, akaona alama imechongwa kwa patasi: wayo wa kuku, kucha tatu mbele na moja nyuma. Akaja nacho moja kwa moja barazani, watu ishirini na wanne wamekaa, akaniuliza, Mheshimiwa, hii nini?

Dada, nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Mimi nikasema nilikuwa na kuku mmoja wa kahawia aliyekuwa akikaa juu ya benchi ya kazi kunikagua, na kipandio nikikikosea alikuwa akinidonoa, kwa hiyo alama ile ni heshima yake. Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Kuanzia siku ile mimi ni Mheshimiwa Kuku. Kanali Peverell mwenyewe, mtu asiyecheka mpaka apate kibali, akawa ananiuliza kila asubuhi kama nimetaga. Kwenye karamu moja niliwekewa yai la kuchemsha mahali pa bata. Nami nikalila, nikainama kushukuru.

Wewe umeshaijua alama hiyo. Baba ndiye aliyekuita Kifaranga. Ngazi ni yako, Maxine. Ni ile uliyoitengeneza kule Bermondsey majira ya joto yale, uliposhinda darini miezi mitatu na nywele zimejaa maganda ya randa. Ndiyo uliyokuwa uipeleke mwenyewe, mwaka ambao Baraza lilikubali kwa mara ya kwanza kumpima mwanamke.

Yangu ilikuwa imeharibika. Hilo nalo sikukuambia. Niliupasua mti vizuri kabisa, halafu kwa haraka zangu nikaugeuza mwimo mmoja, shina lake likawa juu. Kosa ambalo hata mtoto wa fundi ngazi halifanyi. Ulipokauka, nusu moja ikavuta huku na nyingine kule, ngazi ikajisokota kama nguo inayokamuliwa. Siku yangu ya kupimwa ilikuwa Ijumaa, yako ilikuwa wiki iliyofuata. Wewe ulikuwa umekwenda Ramsgate kwenye maziko ya shangazi, na Baba alikuwa kitandani, ameshapooza, ulimi umekufa. Nikaichukua darini. Nikaivusha mto begani kwangu, nikaandika jina langu. Wazee wakaipanda mmoja mmoja, wakasema hawajaona mkono kama huo kwa miaka ishirini, nami nikainama kushukuru. Nimeinama sana maishani mwangu.

Ulirudi Jumapili. Uliniuliza ngazi iko wapi. Nami nikakuambia Baba ameiuza.

Hilo ndilo, Dada. La ngazi ni wizi, na mwizi anaweza kurudisha. Hili silijui linarudishwaje. Nilikuambia alikuja mkulima wa matufaa kutoka Kent, na Baba akamwonyesha kwa mkono apande darini achukue anayoitaka. Nilikuwa nimeupanga uongo huo njia nzima, na niliuchagua kwa sababu Baba hangeweza kuukana. Ulipanda chumbani kwake ukamuuliza. Nilisimama mlangoni. Alitikisa kichwa, akatoa ile sauti yake, na wewe ukadhani anakuambia hajali. Halafu akanitazama mimi. Alikuwa fundi ngazi miaka arobaini, na ngazi yangu iliyojisokota alikuwa ameiona. Alijua. Alinitazama mpaka nikashuka.

Wewe ulifunga sanduku wiki ile ile. Patasi zako uliziacha juu ya benchi, ukaenda kupika kwenye shule huko Ramsgate miaka thelathini. Ulikuja kumzika Baba na macho makavu, na majirani walisema binti yule ana moyo mgumu. Niliwasikia. Nikaendelea kugawa sandwichi.

Baba hakuuza kitu chako hata kimoja.

Mwanzoni mwa Septemba nilijaribu kusema. Usinihesabie kuwa ni wema, lakini nataka ujue kilichotokea. Ilikuwa karamu ya kumchagua atakayenifuata, na wamemchagua Bi. Anthea Rusk, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kikombe cha masikio mawili kilikuwa kinazunguka. Kwetu anayekunywa humwinamia jirani yake, na mtu wa nyuma humpa mgongo kumlinda, asije akachomwa kisu huku mikono yake yote miwili imeshika kikombe. Zamu yangu ilipofika sikunywa. Nilisema kwa sauti kwamba ngazi ile iliyo juu yetu sikuitengeneza mimi, aliitengeneza dada yangu, na mimi niliiiba.

Walicheka, Maxine. Walicheka mpaka mishumaa ikayumba. Hapana, mishumaa haikuyumba. Lakini walicheka. Mmoja kutoka meza ya mbali akapaza sauti, "Na kuku je, alisemaje polisi?" Nikasema ni kweli, naapa, wakazidi. Kanali alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Aliyekuwa akinilinda mgongo alitikisika kwa kicheko, nami nilikisikia kikinipanda kwenye uti wangu. Nikanywa. Bi. Rusk akanishika mkono akasema mtu anayemtania dada yake kwa upendo namna hiyo, dada huyo lazima aketi mezani siku ya mwisho. Kadi yako ilitoka hapo. Watu wamenizoea mdomo huu, na siku ulipoleta neno la kweli hawakulitambua.

Juzi Ijumaa nilikwenda kwa Bi. Rusk ofisini, mchana, bila joho na bila mzaha. Nilimwambia tangu mwimo uliogeuzwa hadi mlango wa Baba. Safari hii hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu: dada yako anajua? Nikasema hapana. Akasema, "Sasa kwangu umefuata nini?"

Nilipofika mlangoni akaniita. Akaniambia yeye alipimwa miaka miwili baada ya mwaka wetu, na nusura wamkatae. Wazee walimwambia walishawahi kumwekea nafasi msichana mmoja wa Bermondsey, wakamsubiri mpaka jioni, na hakutokea, kwa hiyo wanawake wanaomba tu, hawaji. Bi. Rusk alimchukia msichana huyo bila kumjua miaka yote hii. Aliponiambia hivyo hakunitazama usoni.

Jana Mottram aliiteremsha. Nilimsaidia kuibeba. Hakuniuliza kama nimetaga. Kibao chenye jina langu tumekiondoa, mashimo mawili ya skrubu yamebaki ukutani, na ngazi imeegemezwa karibu na dirisha, haina jina. Kanali amewaandikia wajumbe wote wa Baraza, na safari hii wanajua si hadithi. Kama watanitoa chamani, wana haki. Bi. Rusk ameagiza pasiandikwe jina lolote mpaka wewe useme, na kama hutaki kusema, ibaki hivyo hivyo. Alhamisi sitapanda kipandio cha tatu. Nitasimama chini, sakafuni, nimvike nishani yake, nivue joho, nitoke kwa mlango wa jikoni.

Kuja au kutokuja ni uamuzi wako, na sitakupigia simu kukubembeleza. Ukija, kiti chako kiko karibu na Bi. Rusk, mbali na mimi, nimeliomba hilo mwenyewe. Usipokuja, sitakuomba unieleze sababu. Lakini siku ukiwa na nafasi, pita Nunhead alikolala Baba. Nimekwenda leo asubuhi nikapalilia, nikalisimamisha jiwe la kaburi lililokuwa limeinama. Nilitaka kumwambia kwamba nimekuandikia, nikaona hiyo si kazi ya mdomo wangu. Amekungoja wewe.

Mpe Roy salamu zangu, na umwachie Kirsty aisome barua hii ukipenda. Ni bora anijue. Funika goti lako vizuri, baridi inaanza.

Ni mimi mdogo wako,
Barry Sheldrake
ambaye hajawahi kutengeneza ngazi iliyosimama wima