Neno Nililoliongeza

Nkende, Tarime
Julai 9

Kwa kaka Odera,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Goodness na watoto mu wazima huko Singida. Sisi tunamshukuru Mungu. Baba miguu inamsumbua, lakini anakula. Nyumba bila mama bado hatujaizoea.

Naandika kwa sababu kwenye simu nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Wewe ulifika siku ya mazishi, kwa hiyo ile Jumanne yenyewe hukuiona. Mama alikuwa amelazwa ng'ambo, upande wa Kenya, na shangazi Awino ndiye aliyemuuguza. Asubuhi nilimwambia baba kwamba hospitali wameandika kadi ya mama imekwisha muda. Baba alifurahi kwamba ni hilo tu. Alipitia studio, akachapisha picha nne ndogo za mama za kutengenezea kadi mpya, akavuka Sirari mchana. Wodini alikuta kitanda kimetandikwa. Akampa muuguzi bahasha ya picha, akasema huenda mwenyewe ametoka kuota jua. Muuguzi alizitazama zile picha, akaenda kumwita shangazi. Mama alikuwa mochwari tangu saa mbili asubuhi.

Yaliyofuata unayajua. Shangazi alieleza kwamba simu yake haikuwa na salio la kupiga huku, na kwamba muuguzi alimhakikishia familia imepewa taarifa na imejibu. Hakuna aliyemwamini. Ulisimama mbele ya waombolezaji ukamwambia, "Umemficha mama yetu kama mzigo wa magendo." Aliondoka kabla ya matanga kuisha, na tangu hapo baba hajalitaja jina la dada yake.

Wiki iliyopita nilimwendea mwalimu Desderius, yule wa Bukoba anayefundisha Kiingereza hapa. Nilimwuliza neno moja tu, expired. Nikamwambia mimi nalijua kwenye dawa, leseni, maziwa ya pakiti, kwamba muda umekwisha. Akasema hizo ni maana zilizokuja baadaye. Neno limetoka kwenye Kilatini, na mwanzo lilikuwa kutoa pumzi nje. Aliyetoa pumzi yake ya mwisho alisemwa hivyo, na hospitalini wanaliandika hivyo mpaka leo.

Kaka, ujumbe haukutaja kadi. Ulikuja kwenye simu yangu ukiwa na saa na maneno mawili juu ya mgonjwa, patient expired. Kadi niliiongeza mimi, kwa sababu ndiyo niliyoielewa. Tena nikajibu kwa Kiingereza, nikijiona msomi, kwamba asante, baba analeta mpya.

Nisikudanganye kwamba nililielewa neno hilo kwa mwalimu. Nilielewa siku ile ile baba aliponipigia analia. Nikaufuta ujumbe. Ulipomsimamisha shangazi mbele za watu nilikuwa nyuma yako, nimenyamaza. Kwa mwalimu nilikwenda nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba neno halina maana hiyo.

Jana nilivuka kwenda kwa shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Aliuliza tu kama baba anajua. Nikasema bado. Akasema, "Mwambie akiwa ameshakula."

Nitamwambia leo. Wewe nakuomba umpigie shangazi. Ulichomtamkia nilikuwa na uwezo wa kukizuia.

Wasalimie wifi na watoto wote. Ukiona ni vigumu kunijibu, nitaelewa.

Mdogo wako,
Dorka