Breki Isiyoshika

Kachibora, Jumapili

Kwako Mjomba Sikuku,

Mahindi huku yamebeba vizuri. Kimilili mnaendeleaje?

Jana nilitoa hewa kwenye breki za pikipiki ya shamba, ile ya magurudumu manne. Nilikukumbuka uani kwako, ukinifokea: "Finya polepole bana, Peris, hiyo si ng'ombe!" Tulicheka hadi mafuta ya breki yakamwagika.

Hapa sikucheka. Mafuta yanavuja gurudumuni na breki haishiki. Meneja ameniambia, "Karani, wewe andika iko sawa." Kesho Kigen atateremka nayo mlimani, amebeba mbolea.

Ninaogopa kufutwa, Mjomba. Ufunguo ni mmoja tu. Nimeutia kwenye bahasha hii.

Mpwa wako,
Peris