Ukurasa wa Tisa

S.L.P. 418,
Kisumu.
12 Novemba 1994

Mpendwa binti yangu Awuor,

Kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha ukurasa wa tisa wa kitabu chako cha katuni. Umetutoka Jumanne sokoni Kibuye, ukiwa umefunga omena, dagaa wetu wa ziwani.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U mzima huko London? Baridi imekuachia masikio? Sisi tu wazima, isipokuwa tumbo langu, ambalo linazidi kukua bila idhini yangu.

Ilikuwa hivi. Mama yako mdogo Dorca hufungia wateja omena kwa magazeti ya zamani, na kitabu chako ulichotuchorea kilikuwa katikati ya magazeti. Aliuza nusu ya kurasa kabla ya kugundua. Kesho yake wateja wakarudi, wala si kwa omena.

“Mama, huyu Nabwire alimwambia Rehma kwamba anampenda, ama alinyamaza?” aliuliza Laban, fundi wa viatu.

“Hata yeye hajui kama ni urafiki ama ni mapenzi,” akasema Swaumu wa leso. “Moyo si kiatu, Laban, uulize saizi.”

“Mimi nilijua tangu Rehma alipomshonea kile kifungo!” akadakia mteja mwingine.

Sitakuficha, wengine walisonya. Mmoja alirudisha karatasi yake akadai ya michezo. Lakini Dorca aliongeza omena kwa kila ukurasa uliorudi, akazishona kwa uzi mweusi. Kitabu kizima kinanuka ziwa. Umekosekana wa tisa tu, pale Nabwire anapofungua mdomo aseme. Kibuye nzima inangoja.

Dorca, Laban na Swaumu wanakusalimu sana.

Sasa niseme kweli. Kitabu hakikutembea chenyewe hadi kwenye magazeti. Niliposoma kikaratasi ulichotia ndani yake, kwamba Nabwire ni wewe, na kwamba tukiona haya hutakuja Krismasi, niliogopa. Mwanamume wa kilo tisini! Nikakisukuma kati ya magazeti, nikajifanya natafuta miwani. Dorca alipojua aliniuliza neno moja tu: “Baba Ouma, mtoto wetu ndiye umenipa nifungie samaki?”

Nilikaa jikoni nikakisoma chote kilichobaki, nikacheka, nikafuta macho. Nisamehe, mwanangu. Njoo utuchoree wa tisa hapa mezani. Na kama Rehma yupo, njoo naye. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekipigilia misumari upya. Nimekijaribu mwenyewe, kimenibeba.

Mungu akulete salama.

Baba yako mdogo akupendaye, ijapokuwa huchelewa,
Obiero